Laini Milioni 50, Wenye Simu Milioni 20

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, makarani wa sensa wa Kenya walianza kubisha hodi wakiwa na vishikwambi mikononi. Ilikuwa mara ya kwanza nchi hiyo kuhesabu watu wake bila fomu za karatasi. Kuanzia vyumba vya mabati vya Mathare hadi maboma ya wafugaji wa Turkana, katikati ya maswali mengi kuhusu paa, choo, maji na mifugo, kulikuwa na machache yaliyojibiwa haraka na kupita: fulani ana simu ya mkononi? Anatumia intaneti? Anatumia kompyuta?

Majibu yalipotangazwa na Shirika la Takwimu la Kenya, nchi ilikuwa na watu milioni 47.6. Kati ya wenye umri wa miaka 3 na kuendelea, waliomiliki simu walikuwa asilimia 47.3, yaani watu milioni 20.7 hivi. Waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4.

Mwaka huohuo, taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zilitaja laini za simu zaidi ya milioni 50. Laini zilikuwa nyingi kuliko watu wote nchini, ukiwajumlisha watoto wachanga na wazee wasioondoka kitandani.

Hakuna aliyesema uongo. Mamlaka ilihesabu laini, sensa ikahesabu watu. Kijana mmoja wa mjini anaweza kuwa na laini ya kupokelea fedha, ya pili kwa sababu bando lake ni nafuu, na ya tatu iliyo ndani ya modemu ya dukani kwake. Zote tatu huingia hesabuni. Bibi yake kijijini, asiye na simu, haingii popote. Ukichukua laini zote ukazigawa kwa idadi ya watu, laini za mjukuu humfunika bibi, na nchi huonekana imeunganishwa kwa zaidi ya asilimia 100. Ni haki kuongeza kwamba sensa iliwahesabu pia watoto wa miaka mitatu, ambao hakuna anayewatarajia kumiliki simu, na hilo huishusha asilimia. Lakini hata ukiwatoa watoto wote, pengo hilo halizibiki.

Tanzania nayo ina picha inayofanana. Sensa ya 2022 ilipata watu milioni 61.7. Mwishoni mwa mwaka huo, kumbukumbu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, zilionyesha laini milioni 60 na ushei. Asiyejua jinsi hesabu hizo zinavyofanywa angedhani karibu kila Mtanzania ana laini yake mfukoni.

Mtu asiye mtakwimu anaweza kuuliza yeye haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu tarakimu hutangulia na uamuzi hufuata. Ikishaaminika kwamba wananchi wameunganishwa, madirisha ya ofisi huanza kufungwa na huduma kuhamishiwa mtandaoni. Mwezi Juni 2023 serikali ya Kenya ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kupitia jukwaa la eCitizen. Mwaka uliofuata, bima ya taifa ya afya ya zamani, NHIF, ilitoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kila mwananchi akatakiwa ajisajili upya, kwa tovuti au kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Kwa mwenye simu na anayejua kuitumia, hizi ni neema: safari ya siku nzima imegeuka kazi ya dakika kumi. Kwa asiyenayo, mlango uliokuwa mbali sasa hauonekani kabisa.

Ndipo linapokuja suala ambalo wataalamu huliita ujumuishi wa kidijitali. Kwa maneno ya kawaida, ni kuuliza kama kila mtu, hasa aliye katika mazingira magumu, anaweza kufika kwenye huduma na maarifa yaliyo mtandaoni, kwa bei anayoimudu, kwa lugha anayoielewa, bila kudhurika na bila kumtegemea mtu mwingine kwa kila hatua. Ukisikia maneno hayo unaona mara moja kwamba kuhesabu laini hakuwezi kuyajibu.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni cha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Kwa kipimo hicho, mtumiaji wa intaneti ni mtu aliyeitumia ndani ya miezi mitatu iliyopita, mahali popote, kwa kifaa chochote. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2024 watu bilioni 5.5, yaani asilimia 68 ya wakazi wa dunia, walikuwa mtandaoni. Afrika ilikuwa na asilimia 38. Faida ya kipimo hiki ni kwamba kila nchi yaweza kukitumia na matokeo yakalinganishwa. Kasoro yake ni kwamba kinawatia kwenye kapu moja mhasibu anayefanya kazi mtandaoni kutwa nzima na mama aliyeazima simu ya jirani mara moja akaangalia picha za harusi. Wote wawili wanaandikiwa "ndiyo".

Tofauti nyingine inayofichwa na tarakimu moja ni ile iliyopo kati ya kukosa mtandao na kukosa uwezo wa kuutumia. GSMA, muungano wa kampuni za simu duniani, huzitenganisha hali hizo mbili. Kwa takwimu zake za 2023, katika Afrika kusini mwa Sahara asilimia 27 ya watu walitumia intaneti ya simu. Asilimia 13 waliishi mahali ambapo mtandao wa intaneti haufiki. Asilimia 60 waliobaki waliishi ndani ya eneo lenye mtandao na hawakuutumia. Kwa kila mtu mmoja aliye nje kwa kukosa mnara, kuna zaidi ya wanne walio chini ya mnara na bado wako nje.

Rwanda ni ushahidi ulio wazi. Nchi hiyo ilijenga mtandao wa 4G uliowafikia zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wake. Lakini watafiti wa Research ICT Africa walipopita nyumba kwa nyumba katika nchi kadhaa za Afrika mwaka 2017 na 2018, walikuta watumiaji wa intaneti nchini Rwanda hawafiki mtu mmoja katika kumi. Minara ilikuwepo. Simu zenye uwezo huo, fedha za bando na ujuzi ndivyo vilivyokosekana.

Hii haina maana kwamba minara haihesabiwi. Inategemea inahesabiwaje. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilifanya utafiti wa mapengo, ikashuka chini hadi ngazi ya kata ndogo. Ikatoka na jibu lenye anwani: kata ndogo 164 hazikuwa na mtandao wa simu wa aina yoyote, nyingi zikiwa kwenye kaunti kame za wafugaji. Orodha hiyo ndiyo iliyotumika kuamua Mfuko wa Huduma kwa Wote ujenge minara wapi. Kipimo kilichosema nani yuko wapi kiliweza kuagiza mafundi. Wastani wa taifa haumwagizi fundi yeyote.

Machi 2020 ilionyesha gharama ya kutozitazama takwimu zilizokwisha kutolewa. Korona ilipoingia, shule zote za Kenya zilifungwa, na masomo yakahamishiwa kwenye redio, televisheni na mtandao. Sensa ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba kaya zenye redio ya kawaida zilikuwa asilimia 56.9, zenye televisheni asilimia 40.7, na zenye intaneti asilimia 17.9 tu. Yeyote aliyefungua jedwali hilo angeweza kujua ni watoto wa nani watakaosoma na ni watoto wa nani watakaochunga mbuzi hadi shule zifunguliwe. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021.

Tatizo kubwa zaidi, na lisilosemwa sana, ni la nani anayejibu swali.

Karani akifika nyumbani humwomba mkuu wa kaya, au mtu mzima yeyote aliyepo, awajibie wote. Kwa mambo ya paa na idadi ya ng'ombe hakuna ubaya. Paa ni la wote na ng'ombe wanaonekana. Lakini mzee akiulizwa, "Nyumba hii ina simu?" atajibu kwa moyo safi kwamba ipo. Simu hiyo inakaa mfukoni mwake. Inaondoka naye alfajiri na kurudi usiku. Mkewe huitumia kumpigia mama yake Jumapili, huku mwenye simu ameketi karibu akisikiliza. Binti wa miaka 17 haruhusiwi kuigusa. Mama mkwe haoni vizuri, hivyo hata akipewa hawezi kusoma kilichoandikwa. Karani anaandika "ndiyo" moja, na watu wanne wanahesabiwa kuwa na simu.

Kwa wanawake hasara ya njia hii ni kubwa. GSMA iliripoti mwaka 2024 kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu uko chini ya ule wa mwanamume kwa asilimia 32. Pengo hilo lilijulikana kwa sababu tu mwanamke aliulizwa mwenyewe. Kumbukumbu za usajili wa laini zisingelionyesha, kwa kuwa laini nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, kaka au mwana, na nyingine kinyume chake. Jina lililo kwenye usajili na mkono unaoshika simu ni vitu viwili tofauti.

Tafiti za afya na idadi ya watu zinazofanywa kila baada ya miaka kadhaa nchini Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko zimepiga hatua nzuri hapa. Mwanamke hukaa faragha na mdodosaji mwanamke mwenzake, akaulizwa kama ana simu yake mwenyewe na kama ametumia intaneti. Ni mfano wa kuigwa. Hata hivyo tafiti hizo zilibuniwa kwa ajili ya afya ya uzazi, kwa hiyo humhoji mwanamke wa miaka 15 hadi 49. Akitimiza 50 anatoka kwenye hesabu. Wazee, ambao ndio wanaosukumwa zaidi na kuhamishwa kwa huduma, hawamo. Tunajua mengi kuhusu simu ya binti wa miaka 20 na machache mno kuhusu ya bibi wa miaka 70, ilhali ni bibi anayesubiri ruzuku ya wazee iingie.

Wakati wa korona watafiti hawakuweza kutembea, wakaanza kuhoji watu kwa simu. Tafiti hizo zilisaidia sana kujua hali ya chakula na ajira. Zikitumika kupima ujumuishi wa kidijitali, zinapotosha. Unampigia mtu simu kumuuliza kama ana simu, na yule asiyenayo hataipokea.

Watu wenye ulemavu wanakumbwa na tatizo hili mara mbili: kwanza kuhesabiwa kama walivyo, kisha kuulizwa swali linalofaa. Tangu mwaka 2001 kuna jopo la watakwimu chini ya Umoja wa Mataifa linaloitwa Washington Group, lililotunga maswali sita mafupi. Badala ya kuuliza "Je, wewe ni mlemavu?", swali ambalo watu wengi huliona aibu au hawajioni ndani yake, maswali hayo yanauliza kama mtu hupata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na kama shida hiyo ni kidogo, kubwa, au hawezi kabisa. Kenya iliyatumia maswali hayo katika sensa ya 2019 ikapata kwamba wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi. Sensa ya 2009 ilikuwa imepata asilimia 3.5. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 16 ya wakazi wa dunia wana ulemavu mkubwa. Tofauti ya tarakimu hizo haitokani na Wakenya kuwa wazima kuliko binadamu wengine. Maswali mazuri yakiulizwa kwa haraka, kwa sauti ya aibu, au yakijibiwa na mkuu wa kaya kwa niaba ya mtoto aliyefichwa chumbani, huzaa tarakimu ndogo. Na kundi likishaonekana dogo, ni rahisi kuliruka.

Kisha kuna simu yenyewe. Asiyeona akiwa na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe ambayo Kenya huitwa pia kabambe au mulika mwizi, hana sauti ya kumsomea kilichoandikwa. Menyu za nyota na reli huhesabu muda: ukichelewa kujibu, hukatika na unaanza upya. Kwa anayepapasa vitufe kimoja kimoja, muda huo hautoshi. Kiziwi mwenye laini iliyofungwa huambiwa apige simu huduma kwa wateja. Watu hawa wote wana simu. Kwenye jedwali wameandikiwa "ndiyo". Kipimo kinachostahili jina hilo kingeuliza: uliweza kutuma fedha mwenyewe mara ya mwisho, au ulimpa mtu namba yako ya siri?

Mkimbizi naye hukwama kwenye kitambulisho hata kabla mtakwimu hajamfikia. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liligundua mwaka 2016 kwamba wakimbizi wanaweza kutumia hadi theluthi ya fedha zao za matumizi kwa ajili ya mawasiliano tu, na bado wengi hawawezi kusajili laini kwa jina lao. Uganda, inayowahifadhi wengi kutoka Sudan Kusini na Congo, iliruhusu mwaka 2019 nyaraka zaidi za wakimbizi zitumike kusajili laini. Uamuzi mmoja wa ofisini ulifanya kazi ambayo minara kumi isingeifanya.

Tanzania ilipita katika funzo kama hilo ilipoanza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019. Ilimlazimu kila mtu awe na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, na foleni zikawa ndefu hadi mwisho wa muda ukasogezwa kutoka Desemba hadi tarehe 20 Januari 2020. Ni jambo linalojulikana kwa kila anayeshughulika na mashine hizo kwamba vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka 50, au aliyebeba saruji na kuvunja kokoto, huwa vimesagika kiasi kwamba mashine huvikataa. Nani alihesabu wangapi walikwama hapo? Hesabu iliyotangazwa ni ya laini zilizosajiliwa na zilizozimwa. Mzee aliyerudi nyumbani bila laini hakuwa na safu yake kwenye jedwali.

Bei nayo hupimwa kwa njia inayowapendelea walio nacho. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya wastani wa kipato cha mwezi. Wastani huo unapatikana kwa kugawa pato la taifa kwa watu wote, tajiri na maskini pamoja. Chukua mzee wa Kenya anayepokea ruzuku ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi na hana kipato kingine. Asilimia 2 yake ni shilingi 40. Tuseme bando la mwezi linamgharimu shilingi 250: hiyo ni asilimia 12.5 ya kila anachopata, kabla hajanunua unga, na kabla hajamlipa mwenye kibanda cha kuchaji simu ikiwa kwake hakuna umeme. Nchi inaweza kutangaza kwamba imefikia lengo la bei huku mzee huyo akiwa mbali nalo kwa zaidi ya mara sita. Bei ipimwe kwa mfuko wa maskini, ndipo itakuwa na maana kwa maskini.

Pengine mahali pazuri zaidi pa kuuona ujumuishi wa kidijitali ulivyo kweli si maabara ya takwimu bali ni saiba, yaani duka la huduma za intaneti. Mwezi Juni ukielekea ukingoni, foleni za saiba katika miji ya Kenya hurefuka, kwa sababu tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi kwenye mfumo wa iTax. Aliye na namba ya mlipakodi ya KRA na hana kipato naye lazima awasilishe, aonyeshe sifuri. Anayefika saiba humpa kijana wa kompyuta namba yake, nywila yake, na mara nyingi barua pepe ambayo kijana huyohuyo alimfungulia mwaka uliopita. Kijana anabofya, anachapisha risiti, analipwa, na mteja anaondoka akiwa ametimiza wajibu wake.

Kwenye mfumo wa serikali mtu huyo ni mtumiaji aliyeingia kwa akaunti yake. Ni mafanikio yaliyohesabiwa. Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia hajawahi kuingia, na nywila hajui iliandikwa wapi. Vijana wa saiba, pamoja na mawakala wa fedha za simu, wanafanya kazi kubwa kwa jamii na wanastahili shukrani. Wamekuwa daraja ambalo serikali haikulijenga. Lakini daraja hilo lina ushuru, na anayelivuka ameacha siri zake zote upande wa pili. Mwizi akiingia, ni vigumu kujua wa kumlaumu. Utafiti mmoja mdogo ungetosha kutofautisha watu wa aina tatu: wanaoingia wenyewe, wanaosaidiwa na mtu wa nyumbani, na wanaolipa wasaidiwe. Tofauti hiyo haimo kwenye takwimu tunazotangaziwa, nami sioni sababu ya kutokuwamo.

Kenya inao uzoefu wa kujifunza kutoka kwake yenyewe. Utafiti wa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu, Shirika la Takwimu na FSD Kenya, ulianza mwaka 2006, mwaka mmoja kabla ya huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa. Wakati huo watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7. Kufikia 2021 walikuwa asilimia 83.7. Dunia nzima ilikuja kujifunza siri ya mafanikio hayo. Watafiti walewale hawakuridhika na tarakimu hiyo. Waliongeza maswali mengine: unamudu matumizi ya kila siku? Ukipatwa na janga, una pa kushika? Unaweka akiba kwa ajili ya kesho? Wenye afya njema ya kifedha kwa kipimo hicho walikuwa asilimia 39.4 mwaka 2016. Mwaka 2021 walikuwa wameshuka hadi asilimia 17.1. Ukame, korona na madeni vilichangia. Hata hivyo ukweli ulidhihirika: watu walikuwa wameingia kwenye mfumo kwa wingi, na wachache zaidi walikuwa salama ndani yake. Bila swali la pili tungebaki tunapiga makofi.

Nchi nyingine zimejaribu njia za kupima kwa upana. Australia ina fahirisi ya ujumuishi wa kidijitali inayotazama mambo matatu kwa pamoja, yaani upatikanaji, unafuu wa bei na uwezo wa mtumiaji, kwa alama 0 hadi 100. Mwaka 2023 wastani wa taifa ulikuwa 73.2, na wenyeji wa asili wa bara hilo walikuwa nyuma kwa alama 7.5. Watafiti walijua kwamba utafiti wao wa kawaida hauwafikii vizuri wenyeji wanaoishi vijiji vya mbali kabisa. Wakaanzisha kazi nyingine ya kwenda kukaa nao huko, wakiwaajiri watu wa vijiji hivyohivyo kuwa watafiti wenzao, na wakakuta pengo la huko ni kubwa kuliko lile la wastani. Bila kwenda, lisingeonekana.

Uingereza nayo ilichukua njia inayovutia zaidi. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Liverpool waliwakusanya wazazi na vijana wa kawaida, wakawaachia wajadiliane hadi wakubaliane: familia yenye watoto inahitaji nini, kwa vifaa, kwa kasi ya mtandao na kwa ujuzi, ili iishi bila kubaki nyuma? Walichokubaliana kikawa ndicho kipimo. Ripoti ya 2024 ilionyesha kwamba asilimia 45 ya kaya zenye watoto nchini humo hazikifikii. Hiyo ni nchi tajiri, ambako karibu kila nyumba ingejibu "ndiyo" ukiuliza kama ina intaneti.

Njia hiyo haihitaji utajiri. Baraza la kijiji huko Kwale au Kondoa laweza kukaa chini ya mwembe likajibu swali lilelile, na majibu yao yasingefanana na ya Liverpool. Wangetaja mahali pa kuchaji, mtu wa kuaminika wa kuwasaidia wasioona, menyu ya Kiswahili isiyo na maneno ya ofisini, na mtandao usiokatika siku ya malipo. Hayo yote yanapimika. Kinachotakiwa ni kuwapa nafasi ya kuyasema kabla dodoso halijachapishwa, badala ya kuwaletea dodoso lililokwisha kuandikwa Nairobi, Dodoma au Geneva.

Kenya huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi, na sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Kati ya sasa na siku hiyo kutakuwa na tafiti nyingi ndogo, na mmojawapo wa wadodosaji huenda akabisha hodi kwako. Akifika kwenye maswali ya simu na intaneti, usimjibie mama yako, wala mkeo, wala ndugu yako asiyesikia. Waite waje waketi, na umwombe karani amuulize kila mmoja mwenyewe.